Pesa ya Hija ya Dada

Jumatatu, 4 Novemba

Viraka vitano, spoki tatu, breki moja. Mvua ilianza saa nne, haikukatika mpaka alasiri. Kibanda kinavuja upande wa pampu. Wateja wawili wameahidi kulipa Ijumaa. Wote huahidi Ijumaa.

Imebaki laki saba ya deni. Naiandika hapa kwa kuwa sina wa kumwambia isipokuwa mke wangu Zuhura, naye amechoka kuisikia.

Zilikuwa milioni tisa. Miaka minane sasa. Dada Mwanaisha aliuza shamba la minazi aliloachiwa na marehemu mumewe kule Mkwaja, akanikabidhi pesa nizipeleke kwa watu wa safari ya Makka. Alinipa mimi kwa sababu nilikuwa hapa mjini Tanga, Usagara, na kwa sababu alinibeba mgongoni tangu mama alipofariki. Sikuzipeleka. Nilinunua machungwa ya Muheza, lori zima, nikauze Mombasa, nirudishe pesa yake, faida ibaki kwangu. Lori liliharibika njiani siku sita. Machungwa yakaoza. Kila mwaka naitafutia hadithi hii maneno mazuri zaidi, na kila mwaka inabaki vilevile: nilikula amana.

Mwaka huu jina lake limeandikwa tena. Bei imepanda sana, na bintiye Salma amejazia kilichozidi. Mwisho wa kulipa ni tarehe thelathini mwezi huu. Pengo lililobaki ni langu peke yangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Salma kapiga simu saa tano, niko chini ya baiskeli ya mtu. Yeye ni muuguzi Muheza. Alisema shikamoo mjomba, kana kwamba salamu yenyewe imemchosha. Miguu ya mama yake inavimba. Watu wa safari wanasubiri. Nikasema natafuta. Akasema hilo neno ameshalisikia.

Halafu akasema, "Mama hatakudai, unamjua. Ndiyo maana nakudai mimi."

Alikata yeye. Nikafunga tairi la mteja kinyume, ikabidi nilifungue upya.

Namwogopa yule mtoto. Ana miaka thelathini na mbili, mimi hamsini na nne, na namwogopa.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimezunguka mjini kutwa nzima. Shemeji yangu hana. Jirani aliniahidi tangu Septemba, leo hakufungua mlango, nami nilimsikia akikohoa ndani. Rafiki yangu wa Ngamiani alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kunieleza shida zake. Zilikuwa kubwa kuliko zangu. Nikanywa chai yake nikaondoka.

Yupo mama mmoja anatoa ile mikopo ya kausha damu. Unapewa leo, unaanza kurudisha kesho, kila siku, ukikosa wanakuja kubeba godoro. Nilifika mpaka barazani kwake. Asubuhi Zuhura alikuwa ameniambia, "Ukiingia humo, mimi natoka." Hakupandisha sauti. Nikageuka.

Ninazo laki moja na nusu ndani ya kopo tupu la gundi. Basi.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Mteja mmoja. Kiraka kimoja.

Bodaboda zinapita zikinirushia matope. Zamani Tanga nzima ilikuwa juu ya baiskeli, nami nilikuwa nachagua kazi.

Ijumaa, 15 Novemba

Sikwenda msikitini. Mara ya kwanza bila kuumwa.

Kuna baiskeli nzuri imekaa kibandani mwangu mwezi mzima. Ni ya mwalimu mmoja, aliileta kubadilishwa mnyororo, kisha akaitwa msibani kwao Lushoto. Simu yake haipatikani. Hamadi, yule Mpemba mwenye duka la vipuri hapa jirani, aliiona tangu juzi. Leo kaniuliza kama inauzwa.

Nikasema inauzwa.

Nilisema haraka, kama mtu anayetaja jina lake. Laki moja na themanini. Akalipa palepale, akaondoka nayo akiikokota. Niliiangalia mpaka ikakata kona.

Nimenunua unga, maharage, na umeme kidogo. Elfu ishirini imekwenda. Zuhura aliuliza pesa imetoka wapi. Nikasema kazini. Si uongo. Hilo ndilo baya lake.

Jumamosi, 16 Novemba

Sikuweza kula ule ugali.

Nimeifanya tena. Miaka minane nalipa pesa ya amana niliyokula, na njia niliyoiona ya kuimalizia ni kula amana nyingine.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Hamadi. Nilimwambia yote: baiskeli si yangu, ni ya mwalimu, nimekuuzia mali ya mtu. Nikampa laki moja na sitini, nikasema ishirini nitakuletea. Nilitegemea anitukane. Aliihesabu ile pesa taratibu, akaingia ndani, akaitoa baiskeli mwenyewe.

"Yakhe," akasema, "mie ningekwenda kuswali na hii."

Hilo tu. Heri angenitukana.

Baiskeli imerudi mahali pake. Nimeifunga kwa kufuli mbili, na ufunguo mmoja nimempa Zuhura. Ilibidi nimweleze kwa nini. Aliufunga ule ufunguo kwenye pindo la kanga.

Jumatano, 20 Novemba

Siku kumi.

Mchana nilikaa kibandani nikajiona nimekufa. Nikaona deni bado lipo, na Zuhura ndiye anayelibeba. Hata kufa sina nafasi.

Ijumaa, 22 Novemba

Salma hajapiga wiki nzima. Nilidhani ningefurahi. Kimya chake ni kibaya zaidi. Nimempigia mara mbili, hapokei. Labda dada amezidiwa. Labda nafasi yake ameshapewa mtu mwingine.

Mwalimu amerudi. Amedhoofika, amefiwa na baba. Akaipokea baiskeli yake kama ndugu, akanishukuru na mimi kwa kuitunza. Alitaka kuniongezea elfu tano. Nilikataa kwa ukali mpaka akashangaa.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimeuza kibanda.

Nimeuza mabati, mbao, meza, pampu kubwa na ndogo, spana zote, jiwe la kunolea, sanduku la vipuri vya zamani, na ile nafasi yenyewe chini ya nguzo ya umeme, ambapo nimekaa miaka ishirini na moja. Nilimwendea Hamadi kwa sababu ndiye mtu pekee, ukimtoa Zuhura, anayejua jinsi nilivyo. Alitoa laki tano na themanini, akakata elfu ishirini yake. Sawa.

Aliniuliza nitafanya kazi gani sasa. Sikuwa nimelifikiria. Akasema yeye anajua kuuza vipuri, hajui kuvifunga, nibaki palepale niwe fundi wake kwa malipo ya kutwa. Nikakubali. Kwenye kibanda changu. Kisicho changu.

Zuhura alipofika na chakula cha mchana alimkuta Hamadi anapima mabati. Akaniuliza kama imetimia. Nikasema imetimia, na nauli ipo. Akakaa kwenye benchi akalia, kidogo tu, akafuta uso, akapakua wali.

Sijisikii mwepesi. Nilidhani ningejisikia mwepesi.

Jumatatu, 25 Novemba

Mkwaja. Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba ya dada, baada ya alasiri.

Niliondoka alfajiri na pesa ndani ya soksi. Pangani tulingoja kivuko muda mrefu. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyosema. Nilifika adhuhuri.

Dada alikuwa barazani, miguu ameipandisha juu ya kigoda. Sikujiandaa kwa ile miguu. Imevimba mpaka vifundo havionekani, ngozi inang'aa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akataka kusogea anipishe nikae, akashindwa. Salma alikuwepo, yuko likizo. Alinisalimia huku akiangalia pembeni.

Nikaitoa pesa, nikaiweka kwenye mkeka mbele ya dada. Nikasema hii ndiyo ya mwisho, siku tano kabla.

Dada hakuigusa. Akamtazama bintiye, akaniuliza, "Kwani hukuambiwa?"

Daktari wa Muheza amemkataza kusafiri. Moyo. Hawezi kupanda ndege, hawezi kuzunguka kwa miguu kwenye umati ule. Alikatazwa tarehe kumi na nne. Dada alimwagiza Salma anipigie siku ileile, nisihangaike tena na mwisho wa mwezi, nilete taratibu nikijaaliwa. Salma hakupiga.

Nilimgeukia. Sijawahi kumwonea mtu hasira kama ile. Nikamwambia nimeuza kibanda Jumamosi. Juzi. Angepiga simu moja tu.

Akasema, "Ningekupigia, ungeacha kulipa."

Nilitaka kukataa. Lakini ni kweli. Ningeacha. Ningesema mwakani, na mwakani ningesema mwakani. Amenijua kuliko ninavyojijua.

Dada akauliza nimeuza kwa nani, na sasa nakula nini. Nikamweleza. Akaisukuma ile pesa kwa vidole kuja upande wangu. Akasema nichukue nikakikomboe kibanda, yeye haendi popote.

Mkono wangu ulisogea. Hakuna atakayesoma hapa, kwa hiyo naandika ukweli: ulisogea, na vidole viliigusa. Kisha nikaurudisha, nikaukalia.

Nikasema basi nitaikamilisha mimi safari, nitaenda Makka kwa niaba yake. Akacheka, kicheko kifupi, cha mgonjwa. Akanikumbusha kuwa asiyejihijia mwenyewe hawezi kumhijia mwingine. Nalijua hilo tangu chuo cha Kurani. Aibu ilinisahaulisha. Yupo bwana mmoja Pangani, mcha Mungu, ameshahiji, wamezungumza naye aende kwa niaba ya dada. Jina litabadilishwa kabla ya tarehe thelathini. Kwa hiyo pesa inahitajika; dada alinionea huruma tu. Imehitajika siku zote.

Salma akaiokota, akaingia nayo ndani.

Tukabaki wawili. Hapo ndipo nilipogundua kitu. Miaka minane nimemtumia pesa kwa simu, elfu hamsini, elfu thelathini, laki nilipobahatika, na sijawahi hata mara moja kumwomba radhi. Nilidhani pesa inasema kwa niaba yangu. Nikapiga magoti pale kwenye mkeka, mtu mzima, nikamwomba.

Akasema, "Pesa umemaliza, Bakari. Miguu yangu ya miaka ile huwezi kunilipa, wala sikudai."

Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Kwa Mungu nimekusamehe zamani," akasema. "Kwa moyo wangu bado. Niache niende polepole."

Tulikula wali na samaki changu wa kupaka. Salma alinipakulia bila kunitazama, lakini alinipakulia mwingi.

Jumanne, 26 Novemba

Nimerudi Tanga. Nimelala mchana kutwa. Zuhura aliuliza dada amesemaje. Nikamwambia neno kwa neno. Akasema, "Amesema vizuri." Sikuweza kubishana.

Sina deni kwa mtu yeyote. Nimejaribu kuisema kwa sauti. Ilisikika kama habari ya mtu mwingine. Nilipokuwa na deni nilijua kila asubuhi naamkia nini. Leo niliketi kitandani mpaka jua likafika dirishani, sijui mguu upi utangulie.

Bado namchukia Salma. Nusu. Nusu nyingine siijui jina lake.

Alhamisi, 28 Novemba

Siku ya kwanza ya kazi ya kutwa. Kwa dakika kumi Hamadi ameziba bati linalovuja. Miaka mitatu nimehamisha ndoo tu.

Spana nilizozinunua mwenyewe naomba ruhusa kuzishika. Yeye hanitaki niombe, ni mimi tu. Viraka vinane. Jioni alinihesabia changu mkononi, akaniandikia na karatasi. Mteja wa zamani akauliza kulikoni, mbona fundi anahesabiwa pesa. Nikamwambia kibanda kina mwenyewe.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu. Niliumia, kwa kweli. Niliumia njia nzima.

Jumapili, 1 Desemba

Kumetulia. Mvua imepumzika, nguo za watu zote ziko kwenye kamba.

Salma alipiga saa tatu. Jina la yule bwana wa Pangani limepokelewa. Alisema hilo, nikadhani amemaliza. Kisha akasema Jumatano mama ana kliniki Muheza, na yeye siku hiyo yuko zamu, hawezi kutoka wodini. Dada ameuliza kama mimi naweza kwenda kumchukua Mkwaja, nimpeleke, nimshike mkono kwenye ngazi. Alisema ni mama mwenyewe aliyenitaja.

Nikasema nitakwenda Jumanne nilale huko.

Akasema, "Haya, mjomba. Usisahau kadi yake, iko chini ya mto."

Nimemwendea Hamadi dukani kuomba ruhusa ya siku mbili. Sijawahi kumwomba mtu ruhusa ya kutoka kazini maishani mwangu. Alikuwa anapanga minyororo. Akasema niende, siku hizo hazina malipo. Nikasema naelewa.

Zuhura anapiga pasi kanzu yangu.