Mitetea ya Mama Pacha

Jumatatu, 3 Machi

Wamefika! Vifaranga kumi na wawili, ndani ya boksi la viatu lililotobolewa matundu. Nimewaweka chumba cha kushonea, chini ya taa, pembeni ya cherehani. Kelele zao! Sikujua kitu kidogo hivi kinaweza kudai dunia yote.

Miaka sita mke wangu aliniomba tufuge kuku. Miaka sita nilijibu: harufu itaingia kwenye vitambaa vya wateja. Leo wako humohumo kwenye vitambaa, na mteja aliyefuata sketi yake hakulalamika. Alicheka, akaomba kumshika mmoja.

Kumbe ilikuwa rahisi hivi.

Jumanne, 4 Machi

Mmoja amekufa. Alilowa kwenye sahani ya maji, nikamkuta asubuhi amekakamaa. Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuja kuangalia, akashika kiuno. "Shemeji, hawa vifaranga, si bata! Sahani hii hata mimi naoga." Akaokota kokoto uani, akazipanga ndani ya maji ili wanywe bila kuzama. Dakika mbili tu, kazi imekwisha.

Yeye ana mitetea thelathini na minne, bado kidogo ianze kutaga. Ndiyo mara yake ya kwanza kuwa na mingi hivyo. Mtetea mmoja anatangulia wenzake kila mahali, anaitwa Mwenyekiti. Mke wangu aliwaona wakiwa bado wana manyoya kama pamba.

Jumamosi, 8 Machi

Mambo ya chanjo ya kideri, ule mdondo unaomaliza banda zima. Chupa yenyewe ndogo kuliko kidole changu cha mwisho, lakini inatosha kuku mia, na ikishafunguliwa haiwekwi akiba. Kwa hiyo tunashirikiana: wangu kumi na mmoja, wake thelathini na wanne. Yeye hana friji, mimi ninayo. Daktari wa mifugo alimwambia chanjo ikipata joto imekufa, na kwa macho huwezi kujua. Tutawapa Jumatatu asubuhi.

"Nimekukabidhi roho zangu, shemeji," alisema. Nikamwambia zitaganda.

Jumapili, 9 Machi

Naandika hili mara moja, sitalirudia.

Kwenye sehemu ya barafu kuna bakuli la maharage. Aliyapika mke wangu wiki ile ya mwisho ya uhai wake, akayaweka akiba. Miezi minne sijaligusa. Leo nilitaka kuliona tu. Barafu imelishika pande zote. Niliogopa kutumia kisu, nisije nikalipasua. Nikaizima friji saa mbili asubuhi, barafu iyeyuke yenyewe, nikaketi kungoja.

Kifuniko kikatokea. Juu yake kuna kipande cha plasta, ameandika tarehe. Mwandiko wake — ile saba anayoikata kiuno. Alikuwa hivyo, hata kwenye karatasi ya sokoni lazima aandike tarehe. Nikakaa nalo. Sijui nilikaaje mpaka saa kumi.

Ndipo nikaikumbuka chupa. Ilikuwa mlangoni mwa friji. Vuguvugu, kama yai lililotoka kutagwa.

Nimewasha friji.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi chupa ilikuwa baridi tena. Mama Pacha aliiweka shavuni. "Hii ndiyo friji!" Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Kuku wake walinyimwa maji tangu alfajiri ili wanywe kwa kiu, na wote walisimama wamejipanga, wananitazama mimi. Akachanganya dawa na maji ya mvua. Wakanywa. Mwenyekiti wa kwanza.

Ningesema, tungetafuta chupa nyingine. Siku mbili tatu, basi. Niliona aibu. Mtu mzima, fundi cherehani na miwani yangu, niseme nilikaa kutwa nikililia bakuli la maharage?

Jumapili, 16 Machi

Kimya. Kuku wake wazima. Wangu wameota mabawa, mmoja ameruka mpaka kwenye pedali ya cherehani akashangaa mwenyewe. Labda chanjo haikufa. Labda daktari anaongeza chumvi.

Jumatano, 19 Machi

Saba wa kwake wamesinzia tangu asubuhi. Kinyesi cha kijani. Mmoja anapinda shingo mpaka anatazama mbingu. Nimejua kabla hajaniita.

Ijumaa, 21 Machi

Wamekufa ishirini na wawili. Mwenyekiti amekufa saa nne.

Daktari alikuja. Akauliza chanjo ilitunzwa wapi. Kabla sijafungua mdomo, Mama Pacha alijibu: "Kwa shemeji hapa, friji yake inagandisha hata maneno. Huyo usimguse." Daktari akaandika. Mimi nilikuwa nimeshika koleo, nachimba shimo la kuzikia kuku wake. Nikaendelea kuchimba. Nilichimba zaidi ya ilivyohitajika.

Wangu wazima. Si kwamba wana kinga, ni kwamba wako ndani. Jioni Mama Pacha alikuja kuwaulizia. Hakuingia. Alivua ndala nje, akaosha miguu kwa maji ya dawa aliyokuja nayo mwenyewe kwenye kopo. "Nisije nikakuletea ugonjwa." Tangu msiba, huyu ndiye anayegonga ukuta kila asubuhi, nami nagonga kumjibu kwamba nimeamka.

Leo hakugonga. Nimegonga mimi. Akajibu mara moja tu, polepole.

Jumapili, 23 Machi

Wamebaki wanne. Mama Pacha anajilaumu. Anasema ni ndala zake, alikwenda nazo sokoni kwenye kuku akarudi nazo bandani bila kuziosha. Amezichoma moto. Anakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, mlango wa banda uko wazi, hafagii, haongei. Wakati huyu mwanamke hunyamaza akipiga mswaki tu!

Nikaona sasa basi. Nikaenda, nimeamua. Nikamwambia, "Dada, si ndala. Ile chupa ilipata joto. Jumapili ile —" na hapo akainua uso akanitazama, macho yamevimba, nami nikamalizia, "Jumapili ile umeme ulikatika kutwa."

Umeme! Sijui neno lilitoka wapi. Lilikuwa limekaa tayari.

Akanishika mikono yote miwili. "Pole, shemeji. Umelibeba hili peke yako wiki mbili?" Pole. Mimi!

Kisha akasimama. Akaanza kuwatukana watu wa umeme, mmoja mmoja, na mameneja wao, na nguzo zao. Akaanza kufagia banda huku anatukana. Kesho saa tatu anakwenda ofisini kwao kudai haki yake, nami ndiye shahidi. Nikasema sawa. Ningesemaje? Rangi imemrudi usoni. Uongo wangu ndio uliomnyanyua.

Jumatatu, 24 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi. Nilipiga pasi shati. Mama Pacha alikuja na gauni nililomshonea mwaka juzi, karatasi mkononi, tarehe ya umeme kukatika ameipigia mstari mara mbili. Ng'ambo ya barabara fundi wa kuchomelea mageti alituona akapaza sauti, "Mmependeza! Mnapeleka posa?"

Mama Pacha akamweleza. Fundi akavua miwani yake myeusi, akakuna kichwa.

"Tarehe tisa? Jumapili? Mama, siku hiyo nilichomelea geti la shule kutwa nzima. Umeme haukukata hata dakika. Wewe mwenyewe ulinifokea cheche zinatisha kuku wako!"

Nilimwona anakumbuka. Akaitazama karatasi yake. Akasema basi itakuwa ni upande wa shemeji tu. Lakini nyumba zetu ni za ukuta mmoja, waya mmoja. Nikasema nimesahau kitambulisho, nikaingia ndani.

Kitambulisho kiko mfukoni. Nimekaa kwenye cherehani, naandika. Vifaranga wanapiga kelele, wanadhani nimewaletea chakula. Dirishani nawasikia. Mama Pacha anamwambia fundi apunguze mdomo, shemeji yake hajui uongo, sketi ikipungua nusu inchi anamfuata mteja mpaka nyumbani kwake kumwambia. Fundi anacheka. Anasema vizuri, atoke basi, aseme mwenyewe.

Sasa Mama Pacha amesogea dirishani.

"Shemeji?"

Sauti ndogo. Si ya kuniharakisha, ni ya kuuliza.