Jani Lako kwenye Soko la Lubunga

Papa mpendwa,

Jumamosi iliyopita nilivuka mto kwenda sokoni peke yangu. Mwenye mtumbwi aliuliza, "Baba yako yuko wapi?" Nilijibu "Kinshasa" kwa sauti ndogo, ikabidi aulize tena.

Ulipokuwa ukifundisha uchumi hapa Kisangani, tulivuka pamoja kila wiki. Ulitaka kuwajua wafanyabiashara wadogo kwa kukaa nao, basi ukakaa juu ya kreti ya bia, karibu na Mama Lisette muuza kwanga, ile mikate ya muhogo inayofungwa kwa majani. Mimi nilikaa nyuma yako na kitabu, nikisikiliza wanavyokutania.

"Professeur, uko nakula kwanga yetu tu, hauko nauzisha kitu," alisema Mama Lisette. "Bibi yako, mama ya huyu mutoto, anajua?"

"Niko nauzisha maswali, mama. Lakini hakuna mutu ananunua."

Walikuzoea. Siku usipokuja, walitandika jani la kufungia kwanga juu ya kreti yako na kuweka jiwe, kama wanavyomfanyia mwenzao anapougua au anapokwenda kuzika. Nafasi yenye jani haiguswi. Ulipoambiwa hivyo ulivua miwani ukaifuta muda mrefu.

Tukiwa mtumbwini tunarudi, swali lako lilikuwa lile lile: "Leo umeona nani anauza amesimama?" Nilijibu bila kuinua macho kutoka kitabuni.

Halafu ukaitwa Kinshasa kusaidia kutunga sera za wajasiriamali. Ulisema ni kwa muda mfupi. Sasa tunakusikia redioni ukieleza kwamba uchumi haukui ikiwa wengine wanabaki nje. Mama anaongeza sauti, na mezani sote tunageukia redio. Ukipiga simu nina mengi ya kukuambia, lakini nasema tu kwamba shule inaendelea vizuri.

Jumamosi ile jani lako lilikuwapo juu ya kreti, Papa. Bichi, la asubuhi ile ile. Kando yake alisimama msichana kutoka Yanonge, anaitwa Neema, mtoto mgongoni na beseni la ndizi kichwani. Hakuwa na mahali pa kukaa.

Mama Lisette alinishika mkono. "Alors, mutoto ya Professeur. Papa yako atarudia ao hapana? Kama atarudia, tutaendelea kuweka jani. Kama hapana, huyu akae."

Wote waliniangalia. Unajua ninavyokuwa watu wakiniangalia. Nilitaka kusema utarudi. Wewe mwenyewe unasema hivyo kila unapopiga simu. Neema alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, nami nikasikia swali lako la mtumbwini.

Niliondoa jiwe, nikakunja jani. "Akae," nilisema, na wote walinisikia.

Alikaa, akamshusha mtoto, akaanza kupanga ndizi zake. Mama Lisette akamtania papo hapo: "Bon, wewe sasa utauzisha kweli." Walicheka. Nilifurahi, na wakati huo huo nilitamani kumwambia ainuke.

Nadhani ungefanya kama nilivyofanya. Ningependa kukusikia ukisema hivyo, lakini si kwa simu.

Ukirudi, hutakuta tena nafasi sokoni. Mezani kwetu kiti chako kipo, upande wa dirisha, na hicho, hata aje mtu aliyesimama tangu alfajiri, sitampa.

Ulale vizuri huko, Papa.

Binti yako, yule wa nyuma ya kreti