Hendrik na mafundo ya Klara

Lorens, shika simu! Nimeharibu, ndugu yangu.

Yule Hendrik wa mtandao wa mashirika tisa, mimi mwenyewe nimemkaribisha! Eti watatutafutia wanunuzi wa vitambaa vya wake zetu.

Mnunuzi si huangalia kitambaa? Huyu hata hakukigusa! Kapiga picha nyuzi za mke wangu Klara, zikiwa bado na yale mafundo ya kuzuia rangi ili nakshi itokee, hazijatiwa rangi.

Mafundo, Lorens! Anayeyajua hayo kashaiba nakshi ya ukoo.

Namuuliza, "Za nini?" Anacheka, "Babu, kwenye mtandao wetu tunagawana kila kitu."

Kila kitu! "Na hayo mashirika yenu yametugawia nini?" Anapiga picha nyingine.

Kesho anarudi kupiga picha nusu iliyobaki. Klara anayafungua mafundo yote asiyakute, kazi ya miezi miwili, na hanisemeshi.