Suti ya Harusi Bado Inanitosha

Dukani kwangu,
Mlango wa tatu kutoka kwa fundi viatu,
Jumatatu, tarehe tisa, wateja hawajafika.

Mpendwa mdogo wangu Ufito,

Pokea salamu nyingi kuliko vipande vya vitambaa vilivyo chini ya meza yangu. U hali gani huko? Mkeo na watoto hawajambo? Na huo mgongo wa kuendesha lori, umetulia? Sisi huku wazima, na mimi ndiye mzima kupita wote.

Tena kaa chini usije ukaanguka. Jumamosi tulitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, nikavaa suti ileile niliyojishonea siku ya harusi. Ilinikaa kama nilipimwa jana! Sikugusa hata uzi mmoja. Wengine huzaliwa na akili, mdogo wangu. Mimi nilizaliwa na bahati ya mwili.

Nilicheza mpaka mpiga kinanda akaomba maji. Shemeji yako akanivuta koti: "Baba we, punguza, utaniacha mjane leo leo!" Nikamwambia ashike mkono tuzunguke, mjane gani anavaa viatu vyekundu?

Sasa nije kwenye barua yako. Nimeisoma mara tatu. Unasema daktari alikukuta na sukari, ukajinyima kila kitu wiki mbili, ukashindwa, ukamaliza mkate mzima na soda mbili peke yako ndani ya lori, na tangu siku hiyo kliniki hukanyagi. Pale kwenye mkate nilicheka. Pale kwenye kliniki sikucheka, Ufito. Barua niliiweka chini, nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano.

Hebu msikilize kakako. Shule niliiacha darasa la tano, ni kweli, lakini nimeshona nguo za mawakili na za majambazi, na viuno vyote nimevipima kwa utepe mmoja.

Wakati mimi nakutwa na sukari mwaka jana, sikukuambia, maana wakubwa hatupendi kuonekana tunaogopa. Kosa langu lilikuwa la kifundi. Kila suruali iliponibana, niliiachia mshono. Nusu inchi leo, nusu inchi mwezi ujao. Watu wengine suruali huwaambia ukweli. Zangu nilizishona mdomo.

Nikaanza kwa ujinga kama wako. Nikaacha sukari, mafuta, chumvi, nikaacha na muziki, sijui muziki ulikuwa na mafuta gani! Nikawa mchungu kama shubiri. Mteja akiomba punguzo, namfukuza. Shemeji yako alivumilia siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu akatua sahani mezani, paa! "Bwana, daktari kakukataza sukari, hakukukataza kucheka. Ukiendelea hivi utapona wewe, tufe sisi."

Basi tukapatana. Wali robo ya sahani, mboga nusu nzima. Dawa kila asubuhi, bila ubishi. Chai kavu siku sita, ya saba napewa kipande kimoja cha keki, chembamba, nakila nimefumba macho na hakuna ruhusa ya kunisemesha. Utamu wake, ndugu yangu! Zamani nilikuwa nakula keki nzima wala siisikii.

Kabla ya kufungua duka natembea na fundi viatu mpaka darajani na kurudi. Yeye ni mwembamba kama msumari wake, anafuata umbea tu. Tukirudi tumelowa jasho, na mtaani hakuna jirani aliyebaki msafi.

Wiki iliyopita daktari aliangalia majibu yangu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Fundi, umefanya nini wewe?" Sukari imeshuka! Nilitoka pale natembea kama hospitali ni yangu, hata mlinzi akanipigia saluti.

Kwa hiyo usiniambie umeshindwa. Mkate mmoja haujawahi kumshinda mtu wa ukoo wetu. Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi. Wiki hii, kabla hujapakia mzigo, nenda kliniki. Ukitoka niandikie, hata mstari mmoja.

Msalimie mkeo, asikufiche mkate, akukatie vipande viwili afunge kabati. Watoto wabusu. Shangazi mwambie gauni lake liko tayari, na kiuno sikukiongeza hata akinuna.

Mungu akulinde barabarani, na akulinde zaidi mezani.

Ni mimi kakako, nikupendaye mwembamba na nikupendaye mnene,
Fundi Mkasi.

Nyongeza: Shemeji yako ameisoma barua hii kabla sijafunga bahasha. Ameniuliza, "Na mdogo wako akijipima kwa hiyo suti yako, si atakata tamaa?" Nimechukua kalamu tena. Ufito, suti niliiachia inchi mbili mgongoni. Mwaka jana ilinikosa kwa inchi tano. Hizo tatu nilizitembea kwa miguu mpaka darajani, asubuhi moja moja. Ile bahati niliyojisifia ni uongo.