Kuku wa Asali wa Wageni Watatu

Mama, shikamoo.

Baridi ya Songea inang'ata hata mchana. Leo nilimpaka kuku asali, limau na kitunguu saumu kama ulivyonifundisha, nikampeleka bekari hapa Mfaranyaki wanipikie kwenye tanuri lao la mikate.

"Mwalimu, una wageni wangapi?" mwokaji akauliza.

Niliona aibu kusema kuku mzima ni wangu peke yangu. "Watatu," nikajibu.

Kuku alitoka kahawia, asali imemganda mgongoni. Mwokaji akaniongezea skonzi nne za bure. "Wageni wale zikiwa za moto," akasema.

Yangu nimeshaila. Zilizobaki mezani ni yako, ya baba na ya mdogo wangu Neema. Nawakumbuka mno.

Njooni, zinapoa.

Mwanao, Tumaini