Hitima ya Koko

Jumamosi, 4 Juni 1977
Nimesugua masufuria tena. Majivu na ndimu. Hayajapikiwa kitu tangu harusi kubwa zipigwe marufuku. Saidi, mume wangu, kauliza nasugua nini. Kutu, nikamwambia. Bandarini kwao hakuna meli, wanafagia tu. Kazi yangu ilikuwa kuwapikia watu, harusi na maziko. Siasa sikuzitaka kamwe. Ndizo zilizotutoa Unguja nikiwa msichana. Nilidhani Mutsamudu ni mji mdogo mno, hazitanifuata kisiwani huku.

Jumanne, 7 Juni
Koko hali tena. Ni mama yake Saidi, ila mtaa mzima humwita Koko, bibi, na mimi pia. Maji tu, kwa kijiko. Mchana akili ilimrudia, akanishika mkono.
"Mwanangu, nikifa nipikie hitima. Watu wale washibe."
Nikasema inshallah. Kamati ya vijana wa serikali imeshapita na kipaza sauti: hakuna karamu, ya harusi wala ya maziko. Ubadhirifu, wanasema. Sikumwambia.

Ijumaa, 10 Juni
Amefariki alfajiri. Kazikwa baada ya sala ya Ijumaa. Kamati ilimleta mtu. Alisimama nyuma mpaka kaburi lilipofukiwa, kisha akaondoka.

Jumanne, 14 Juni
Abdu, mdogo wake Saidi, amefika kwa jahazi kutoka Moroni, mji mkuu. Alikuwa karani wa serikali huko. Makarani wamefukuzwa wote. Sasa anaishi Ikoni kwa wakwe zake, anakula kwao, na anaona haya. Amekuja na gunia la mchele. Sikuuliza kalipata wapi.
Wamegombana. Saidi hataki hitima.
"Mama kaomba mwenyewe," Abdu akasema. "Mimi wameshanifukuza. Watanifanya nini tena?"
"Wewe, hakuna. Lakini nyumba hii ni ya nani?"
Kisha wakanigeukia mimi. Nikasema nitapika. Si kwa ushujaa. Nimechoka kusugua masufuria matupu.

Alhamisi, 16 Juni
Nimepika uani, mlango umefungwa. Mbuzi mmoja, pilau sufuria mbili. Ila harufu ya pilau haizuiliki kwa mlango. Majirani tuliwaalika kwa mdomo, nyumba kwa nyumba. Wote waliitikia.
Amekuja mwalimu wa chuo cha Kurani peke yake. Akasoma haraka haraka, akaaga bila hata kunawa mikono. Bi Zainabu, jirani wa ukuta kwa ukuta, alifungua dirisha, akatutazama, akalifunga.
Mimi niliogopa kamati. Majirani sikuwafikiria kabisa.
Tumekula sisi watatu. Abdu alimwaga machozi juu ya sinia. Pilau ilikuwa nzuri, niseme kweli. Imebaki nyingi mno.

Jumamosi, 18 Juni
Wamekuja asubuhi, vijana wanne. Mkubwa wao ni Nasuru, mtoto wa Bi Zainabu. Pilau ya tohara yake nilipika mimi. Hakunitazama.
"Mwenye nyumba nani?"
"Mimi," Saidi akasema.
Abdu alikuwa amesimama palepale. Saidi wamempeleka Patsy, huko juu, kuvunja mawe ya barabara. Masufuria nayo wamechukua.

Jumatatu, 20 Juni
Abdu amerudi Ikoni kwa wakwe zake. Namchukia. Namchukia zaidi kwa kuwa aliyesema nitapika ni mimi.

Alhamisi, 30 Juni
Kamati imeniita. Watu wa barabara wanataka mpishi. Halikuwa ombi. Nimepanda Patsy asubuhi. Muhogo na samaki mkavu, ndani ya masufuria yangu mwenyewe. Wameyaunguza chini.
Saidi alikuja kwenye foleni na bakuli lake. Mkono umefungwa kitambaa, jiwe limemponda vidole. Nilimpakulia. Nasuru alikuwa pembeni yangu.
"Sawasawa kwa kila mtu, mama."
Nikapunguza.

Jumapili, 9 Oktoba
Saidi amerudi. Vidole viwili havikunjiki. Bandarini wamemrudisha kwenye ufagio. Mimi bado napanda Patsy.

Jumapili, 14 Mei 1978
Redio inasema serikali imepinduliwa. Askari wa kizungu wametua Moroni. Watu wamejaa njiani, wanapiga vigelegele, wanacheka na wasiojuana nao. Patsy sikwenda, na hakuna aliyekuja kuniuliza. Sioni furaha wala huzuni. Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, 15 Mei
Wanawasaka vijana wa kamati. Mmoja kapigwa hadharani karibu na bandari. Magharibi Bi Zainabu kaingia kwa mlango wa uani, bila buibui. Nyuma yake Nasuru.
"Kwangu watakuja kwanza. Kwenu hawatadhani."
Kweli, kwetu hakuna atakayedhani. Nilitaka Saidi aseme hapana. Nilitaka sana. Akautazama mkono wake muda mrefu.
"Aingie," akasema.
Nilimuuliza kwa nini. Akasema hajui, na nisimuulize tena.

Jumatano, 24 Mei
Wafanyakazi wote wa bandari wameamriwa kwenda kuwapokea wakubwa wapya na kuwapigia makofi.
"Unakwenda?"
"Wanaangalia nani hayupo."
Akavaa shati jeupe. Nikamfungia vifungo, vidole vile havimsaidii. Akatoka.
Manyunyu tangu asubuhi. Nimechemsha ndizi, nikampelekea Nasuru chumba cha uani. Kazimaliza zote. Tangu aje hatujasemezana. Leo akasema ahsante.
Nikamwambia apunguze sauti.