Mbuzi wa Wankuru

Mjukuu wangu Bhoke,

Shikamoo yako imefika. Hapa Matongo tu wazima, na ng'ombe wako mwekundu amezaa.

Umeuliza kama mwenzenu aliyezaliwa mvulana, na sasa anaishi kama msichana, akimbie nanyi kwenye mbio za wasichana. Haki ya mbio zenu siijui, Bhoke. Najua aibu yangu.

Enzi za kuchimba dhahabu, wanawake wa mashimoni tulishindana kukimbia na kiroba cha mawe kichwani. Zawadi ilikuwa mbuzi. Wankuru, jirani yangu, alinishinda kwa mbali. Alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, kwa hiyo alikuwa ameoa mke wa kumzalia, kama mila yetu inavyoruhusu. Nikawaambia wazee, "Mwenye mke ni mume. Akakimbie na wanaume."

Nilijua ni mwanamke. Ndiye aliyenishika mgongo nikimzaa mama yako.

Wazee wakanipa mbuzi. Wankuru akaniuliza, "Leo hunijui?" Nikavuta kamba ya mbuzi, nikaondoka.

Ninyi mkiamua, amueni mwenzenu akiwa amekaa hapo, anasikia.

Mbuzi tulimchinja jioni ile ile. Wankuru akamtuma mkewe atuletee chumvi, maana alijua kwangu imeisha.

Bibi yako